Kikombe cha Kahawa Chenye Pengo

Siku ya hitima ya Hamduni Mrisho nilikaa kwenye jamvi la wanawake, uani kwake, nikautazama ukuta. Sikwenda kulia. Nilikwenda kwa sababu msiba ni msiba, na sikutaka mtu yeyote wa Itetemia aje kusema Tatu Maganga ana kinyongo mpaka kwa maiti. Uani pale ndipo lilipo tanuri la mikate ambalo zamani lilikuwa la Mzee Nasoro, mjomba wake Hamduni. Ukuta wa tanuri niliuacha ukiwa wa chokaa, tukiuandika kwa mkaa. Sasa umepakwa rangi ya mafuta, buluu chini na nyeupe juu, na fundi wa mabango ameandika kwa herufi nyekundu, kubwa kama za duka: KIPIMO CHA HAMDUNI. Chini yake, unga makopo thelathini, mfuto. Maji makopo kumi. Sukari kopo moja. Mafuta nusu kopo. Hamira vikombe vya kahawa viwili. Chumvi vikombe vya kahawa viwili na nusu. Mimi niliishia darasa la nne, na kusoma kwangu ni kwa kufuata kidole, lakini orodha ile niliisoma mikono ikiwa mapajani. Niliitunga mimi.

Upande wa wanaume, chini ya turubai, mtu mmoja alishika kipaza sauti akawa anamsifu marehemu. Alisema Hamduni alikuwa mtu wa akili. Mizani ilipoondoka wenzake walikaa wakashika tama, yeye akakaa akazigeuza kilo zote kuwa makopo na vikombe, na mji umekula mkate mpaka leo. Wanawake jamvini wakaitikia, "Kweli, kweli." Mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, mgeni kutoka Igunga, akaninong'oneza, "Si ndiye aliyeliokoa tanuri baada ya msichana fulani kulitia chumvi? Tulisikia mpaka kwetu." Nikamwambia, "Mlisikia vizuri." Nikamega mkate wa msiba, nikatafuna taratibu. Chumvi ilikuwa imepungua. Nikajua hapo hapo kwamba ukubwa wa kikombe bado hawaujui, na nikaona haya kidogo jinsi nilivyofurahi nikiwa msibani.

Nina miaka hamsini na mbili. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na kumi na tisa, na nawataja watu kwa majina yao, maana wao walinitaja kwa jina langu mbele ya kadamnasi wala hawakuona shida. Nilikuwa natoka Itetemia kwa miguu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, naingia mjini kukiwa na moshi wa majiko, nafika kwa Mzee Nasoro akiwa amekaa barazani na birika lake la shaba na vikombe vyake vidogo amevifunika midomo chini kwenye sinia. Nyumba ile ilikuwa ya siku nyingi, kuta za udongo nene kiasi kwamba mchana wa jua kali ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Chumba tulichokandia unga, wenyewe walisema, kilikuwa ghala la posho wakati wa misafara, wapagazi walipokuwa wakipita Tabora kwenda Ujiji na kurudi pwani. Pembeni kulikuwa na shimo la mlango uliozibwa, ambako kila mpagazi alipita akapimiwa nafaka yake ya siku. Sisi tulipaegeshea mafagio.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Skolastika. Tulimwita Mama Skola. Alikuwa mwanamke mpana, Mkatoliki wa Ulyankulu, wazee wake walikuja kutoka Burundi, na mikono yake ilikuwa na nguvu ya kukanda kilo kumi za unga huku anasimulia habari za jirani. Hakujua kusoma hata kidogo. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwake na kwenye mizani, mizani ya kuning'inia yenye sahani mbili na mawe ya chuma. Jiwe la kilo tano mara mbili, huo unga. Jiwe dogo la gramu mia mbili, hiyo chumvi. Alijua jiwe kwa kulishika. Mchana alipika yeye, na chakula chenyewe kilikuwa matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, na karanga, siku nyingine maharage, nasi tukala na maganda ya mkate ulioungua yaliyokwanguliwa kwenye bati. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na nasema hivi ingawa yeye naye nitamtaja.

Halafu wakaja watu wa vipimo. Walikuwa wawili, waungwana tu, wakasema mizani haina muhuri na jiwe moja limelika, itabidi ipelekwe mbali ikatengenezwe, na kurudi kwake hawawezi kuahidi. Wakasema watakuja kuichukua keshokutwa. Mzee Nasoro akabaki ameshika ndevu. Mizani nyingine haikupatikana mjini wakati huo, na bila mizani Mama Skola alikuwa kama mtu aliyezimiwa taa. Jioni ile alinishika mkono akanikalisha juu ya gunia. "Tatu, mwanangu, mimi nina mikono, wewe una macho na vijiherufi viwili vitatu. Kaa na hiyo mizani mpaka iondoke. Ikuambie kila kitu."

Nikakaa nayo siku mbili. Nilichukua kopo tupu la siagi, lile kubwa, nikaanza na unga. Nikachota kutoka kwenye gunia, nikamimina sahanini, nikachota tena. Kila safari uzito ulikuwa mwingine. Nikifikiri mizani ndiyo imeharibika, nikarudia, nikarudia, mpaka nikaona kosa liko mkononi mwangu, maana ukichota kwa kusukuma kopo unga unashindiliwa, na kile kichwa kinachokaa juu ya kopo leo ni kilima kesho ni kichuguu. Nikauchekecha unga kwanza, nikaumimina koponi kwa mkono, nikapitisha jalada la daftari juu ya mdomo wa kopo, kilichozidi kikaanguka. Hapo makopo matatu yakawa kilo moja. Nikapima tena, matatu. Nikampigia kelele Mama Skola aje aone, akaja na unga mpaka viwikoni, akatazama sahani mbili zimetulia sawasawa, akasema, "Basi umeshamaliza. Kilo ni makopo matatu, twende kwenye chumvi." Mimi nami nikaamini hivyo. Nikajaza kopo la chumvi, nikalimimina, na ule upande wa mizani ukaanguka kwa kishindo sahani ikagonga meza. Kopo moja la chumvi lilikuwa zito kuliko makopo mawili ya unga. Mtu aliyesoma pengine angelijua hilo kabla ya kumimina. Mimi nililijulia pale, nikacheka peke yangu kama kichaa. Nikamwambia Mama Skola kwamba kopo halina kilo yake. Kila kitu kina kopo lake.

Kwa gramu mia mbili za chumvi kopo lilikuwa kubwa mno, kukisia nusu na robo kungetuponza. Nikaenda barazani nikamwomba Mzee Nasoro kikombe kimoja cha kahawa. Akanipa kile ambacho hawekewi mgeni, chenye pengo mdomoni, kina mstari wa buluu katikati ya tumbo. Pengo lile likanifaa. Nikijaza chumvi, inajimwaga yenyewe inapofika penye pengo, kwa hiyo haiwezi kuzidi. Vikombe viwili mpaka penye pengo, na cha tatu mpaka kwenye mstari wa buluu, jiwe la mia mbili likatulia. Hamira vikombe viwili. Nikaandika ukutani kwa mkaa, na mahali ambapo sikujua kuandika nikachora, nikachora kopo, nikachora kikombe na pengo lake. Watu wa vipimo wakaja wakaichukua mizani, nami sikuogopa tena.

Siku ya kwanza bila mizani mkate ulitoka mgumu, mtu angeweza kumpigia mbwa. Nikalia. Kumbe aliyejaza unga ni Mama Skola, na amejaza kwa desturi ya sokoni, kwa kichwa, kopo baada ya kopo, makopo thelathini yote yamevaa kilemba. Nilipomwambia afute, akakasirika kabisa.

"Nifute? Kopo bila kichwa ni matusi! Nikimpimia mtu karanga hivyo atanirushia usoni."

"Mama, huu unga hatumuuzii mtu. Tunaukanda."

"Hata kama. Mkono wangu haujazoea uchoyo."

Mzee Nasoro alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaingia, akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka akakohoa. Akatuambia kwamba mabishano hayo chumba hiki kimeyasikia zamani sana; babu yake alikuwa akigawa posho hapa hapa, kibaba kwa kila kichwa, na wapagazi walikuwa tayari kuteremsha mizigo wasisafiri kama kibaba ni cha mfuto, yaani kilichofutwa mdomo, wakati walipoahidiwa kibaba cha kilele. "Mtu anayekula, mpe kilele," akasema. "Lakini tanuri halina shukrani. Tanuri lipe mfuto." Akatoka akarudi na kijiti cha mninga, bapa, laini kwa kushikwa, akampa Mama Skola badala ya kunipa mimi, na kwa hekima hiyo akamaliza ugomvi. Kesho yake mkate uliumuka ukajaa bati, ukatoa ile sauti unapogongwa chini, kama mlango wa nyumba yenye watu. Neno mfuto nikaliandika ukutani. Na miezi mitano iliyofuata ndiyo ninayoiita ujana wangu. Mzee alisema mbele ya watu kwamba mvua zikiisha atanipa tanuri la pili nilisimamie, mimi Tatu wa darasa la nne. Nilikuwa nikirudi Itetemia nikiona njia fupi.

Siku hizi binti yangu anaiuliza simu, gramu mia mbili ni vikombe vingapi, nayo inamjibu hapo hapo bila hata kumuuliza kikombe gani, cha kitu gani, kimefutwa au kina kichwa. Namwambia simu yako ina akili za Hamduni. Hajui nasema nini.

Hamduni Mrisho alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Nasoro, amemaliza kidato cha nne, anatembea na kalamu mbili mfukoni na zote zinaandika. Ndiye msimamizi. Hakuwa mtu wa matusi, hakuwa mlevi, na kama ningesema alikuwa katili ningekuwa namwongezea chumvi. Ila ule ukuta ulimkera. Wateja wakiingia wanauliza nani kachora vikombe, wakiambiwa ni Tatu wanacheka kwa kupenda, naye anabaki anazungusha kalamu. "Vikombe vya kahawa!" alikuwa akisema. "Hili ni tanuri au kilinge cha mganga? Bado ungo na usinga tu." Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Mzee alipokuwepo iliishia hapo.

Ikaja oda ya Ulyankulu. Mtoto wa kaka yake Mama Skola alikuwa anapewa upadri, wa kwanza katika ukoo wao, na Mama Skola alikuwa amewaambia ndugu zake wote mkate utatoka kwenye mikono yake. Wiki nzima alikuwa anaimba. Wiki hiyo hiyo Mzee Nasoro akaitwa Nzega kwenye ugonjwa wa nduguye, akatuachia Hamduni. Asubuhi ya kuoka nikaingia, nikakuta ukuta umepigwa chokaa, na juu yake orodha mpya, mwandiko mzuri uliolala upande mmoja kama majani ya mpunga. Vikombe hakuna. Kila kitu ni makopo. Chumvi: nusu kopo na kidogo.

Nikamwambia kwa adabu, "Kaka Hamduni, chumvi si hivyo. Kopo la chumvi ni zito."

"Kilo ni makopo mangapi, Tatu?"

"Ya unga, matatu."

"Kilo ni kilo. Gramu mia mbili ni moja ya tano ya kilo. Moja ya tano ya makopo matatu ni nusu kopo na kidogo. Hiyo inaitwa hesabu. Wewe ulisomea wapi?"

Mama Skola alicheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Nataka hili lisomwe kama lilivyo: nilijua, nikasema mara moja, nikaulizwa nimesomea wapi, nikanyamaza. Nikachukua kopo, nikapima chumvi nusu na kidogo, nikamimina. Mkono ulikuwa wangu. Tulikanda mara tano siku ile, na mara zote tano mkono ulikuwa wangu. Kwenye mkando wa kwanza nikamega donge nikalionja, nikatema. Nikampelekea Mama Skola kipande kwenye kiganja. Akaonja, akafumba macho muda wa kusema Salamu Maria. "Mama, ni kali," nikasema. Akajibu bila kunitazama, "Mwenye mamlaka ameandika. Likiiva itapungua." Miaka yote aliyooka hakuwahi kuona chumvi inayopungua kwa kuiva, na nilijua anajua.

Mikate haikuumuka vizuri, maana chumvi ikizidi hamira inachoka. Ikatoka mifupi, imejikunyata. Lori likaondoka nayo kwenda Ulyankulu alfajiri. Saa tatu hivi asubuhi Hamduni akakata mkate mmoja uliobaki dukani akaweka mdomoni. Nilikuwa nafagia, nikamwona. Hakutema, akameza. Akaenda nyuma, akarudi na ndoo ya chokaa na brashi, akaupaka ukuta wote, akaosha brashi, akaning'iniza mahali pake. Hakuniambia neno wala mimi sikumuuliza. Nilifikiri anaona haya. Nilikuwa mjinga, nilifikiri kesho ataniambia niandike tena vikombe vyangu.

Siku ya pili lori likarudi na mikate karibu yote, na juu yake kaka yake Mama Skola, mzee wa suti, viatu vimejaa vumbi la safari. Alisema kwa upole, na upole ndio uliouma, kwamba wageni walikuwa wanatema kwenye vitambaa, na mama mzazi wa padri alijificha jikoni. Akamtazama dada yake. "Skola, ulitutendea hivi?" Uani pakajaa watu, wateja, wapita njia. Hamduni akatoka na kalamu zake. "Nani alipima chumvi?" akauliza. Si nani aliandika. Nani alipima. Nikasema, "Mimi, lakini ukutani palikuwa pameandikwa..." Akanyoosha mkono. Watu wote wakageuka wakautazama ukuta, mweupe kama sanda. "Pameandikwa nini?" akasema. "Wapi?" Nikamtazama Mama Skola. Kaka yake alikuwa anamsubiri, ukoo mzima ulikuwa unamsubiri. Akaitazama aproni yake, akaifuta unga ambao haukuwepo. "Huyu mtoto bado hajakomaa kazini," akasema. "Mimi nilimwachia chumvi, nikakosea kumwamini." Akalia machozi ya kweli.

Mzee Nasoro aliporudi kutoka Nzega nilidhani yamekwisha. Nilikaa chumba cha kukandia, wao wakawa upande wa pili wa ukuta, na kuta zile ni nene lakini palipozibwa mlango udongo ni mwembamba. Nikamsikia mkewe, Bi Zuwena. "Kwa hiyo unataka kusema mtoto wa dada yako ni mwongo, mbele ya mji?"

"Nasema Tatu ninamjua. Kikombe nilimpa mimi."

"Hamduni ndiye atakayekuzika. Yule ni nani kwako?"

Nikasikia birika linawekwa juu ya sinia. Kisha Mzee akaja kuniambia kwamba nipumzike nyumbani kwanza, maneno yapoe. Hakuniangalia usoni. Kwa hiyo nawataja wanne. Hamduni Mrisho aliyefuta, Skolastika aliyeonja akasema uongo, Bi Zuwena aliyeshauri, na Mzee Nasoro aliyejua haki akaipima kwa kilele kwa ndugu yake na mfuto kwangu. Watatu wa mwisho wamekufa zamani. Yule niliyemchukia zaidi ni Skolastika, kwa sababu ndiye niliyempenda.

Nilipotoka nilipita barazani. Sinia lilikuwa peke yake. Nikachukua kikombe chenye pengo nikakifunga kwenye pindo la khanga. Katika maisha yangu sijaiba kitu kingine.

Maneno hayakupoa. Sokoni wakanipa jina, Chumvi. "Chumvi, shikamoo! Leo umetuwekea kiasi gani?" Watoto ambao hawakuwepo walijifunza kuniita hivyo. Hakuna tanuri lililonipokea, wala mama lishe aliyetaka nishike sufuria yake. Nikaenda kwenye mashamba ya tumbaku, nikakaa kwenye mabani ya kukaushia majani nikilisha moto kuni, moshi ukanila kifua, na hata leo nikipanda kilima nasimama mara mbili. Nilisalimika. Wengine niliokuwa nao kule hawakusalimika. Nilirudi Itetemia nikiwa na miaka thelathini na kitu, nikafinyanga tanuri langu dogo la udongo nyuma ya nyumba, nikaoka kwa kikombe changu, na majirani wananunua mpaka leo. Lakini jina halikung'oka, na mimi sikuwahi kugeuka nikiitwa. Waite mpaka wachoke.

Hamduni alikuja mara moja. Tanuri la mjomba lilishakuwa lake, ameota kitambi, amekuja na baiskeli mpya ameiegemeza kwenye mti wangu wa mpapai. Nikamwekea kigoda. Tukaongea habari za mvua. Kisha akasema, anatazama tanuri langu, "Tatu, kile kikombe cha Mzee, cha pengo, hukukiona?" Nikajua kila kitu. Nikajua ameshaandika upya vikombe vyangu ukutani, kwa kukumbuka, na kwamba idadi anayo ila ukubwa hana, na kila siku anapima kwa kuonja kama kipofu anayepapasa ukuta. Nikasema, "Kikombe gani?" Akakaa kidogo. Angesema neno moja ningempa. Ningempa, wallahi. Akasema, "Basi," akapanda baiskeli akaondoka.

Siku ile ya hitima, watu wakitawanyika, binti yake Rukia akanifuata karibu na lango. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, macho ya baba yake, mikono ina makovu ya mabati ya moto.

"Shikamoo, mama. Umeacha mkate."

"Marahaba. Hauna chumvi ya kutosha."

Hakukasirika. Akashusha pumzi. "Najua. Jumatatu tunafungua, na mimi sijui nitafanyaje. Baba alikuwa anaonja. Akiumwa mafua, mji mzima unalalamika. Alisema vikombe vya siku hizi si vyenyewe, chenyewe kilipotea."

"Hakikupotea," nikasema. "Kiko kwangu, juu ya kabati."

Tukakaa kwenye benchi la wateja, nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, pamoja na mkono wangu kumimina. Alisikiliza ameshika magoti. Mwisho akasema, "Baba yangu alikuwa ananisimulia habari ya chumvi ile, kila mara. Hakuwahi kusema nani aliandika." Akaachia magoti. "Utanipa kikombe?"

"Nitakupimia. Na wewe ufute pale ukutani uandike jina langu."

"Mama, baba hana hata wiki kaburini. Nikwangue jina lake?"

"Mimi nimesubiri miaka thelathini na tatu."

Akaingia ndani. Nikarudi nyumbani nikijua nimemwomba mtoto kitu kizito siku isiyofaa, na sikujuta.

Jumatatu asubuhi nikaoga, nikafunga kikombe kwenye pindo la khanga, nikaenda mjini kwa miguu nikisimama palipo na kilima. Rukia alikuwa uani peke yake, unga umeshachekechwa, makopo thelathini yamefutwa kwa kijiti cha mninga. Kijiti kile kile. Herufi nyekundu zilikuwepo, KIPIMO CHA HAMDUNI, hazikuguswa. Nikataka kugeuza. Kisha nikaona chini kabisa, mstari wa chumvi haupo. Ameupaka chokaa, kipande kirefu cheupe, bado kibichi pembeni. Akanipa kipande cha mkaa.

"La baba siwezi, mama. Nisamehe. Lakini hapo ni kwako, na fundi wa mabango nimeshamwita, atapitisha rangi juu ya utakachoandika, vile vile kitakavyokuwa."

Nikapiga goti. Nikaandika, herufi zikapanda na kushuka. Chumvi vikombe viwili mpaka penye pengo na kimoja mpaka mstari wa buluu. Tatu Maganga. Na mwisho nikachora kikombe, kama zamani, kwa sababu kuna watakaokuja wasiojua kusoma. Kisha nikapima. Chumvi ikajimwaga yenyewe penye pengo, mara mbili, na ya tatu ikatulia kwenye mstari. Nikaimimina yote kwenye kikopo kidogo cha bati, nikaigonga ilale, nikakwangua alama kwa msumari pale ilipofika. Rukia akakitazama kikombe ninavyokifunga tena kwenye pindo.

"Hukiachi?"

"Kipimo nimekuachia."

Nilipopita sokoni jua lilikuwa limekolea. Muuza dagaa mmoja, mwanaume mtu mzima sasa, mmoja wa wale waliojifunza jina langu utotoni, akapaza sauti kutoka kibandani, "Chumvi! Habari za mjini?" Nikasimama, nikageuka, nikamjibu nzuri.